Trauti au si trauti? Namna ya kuwatambua samaki na kufuata sheria za uvuvi wa burudani nchini Australia

Mwanzoni mwa Septemba mito ya jimbo la Victoria hufunguliwa tena kwa wavuvi wa trauti, na mwezi mmoja baadaye hufuata mito ya New South Wales. Kwa familia zilizotoka kandokando ya Tanganyika, Kivu au Ziwa Victoria, kutupa ndoana majini ni jambo la kawaida lisilohitaji maelezo. Nchini Australia, hata hivyo, mvuvi hutakiwa kumjua samaki kwa jina lake kabla ya kuamua kumtia ndooni au kumrudisha majini.

Mambo muhimu

- Trauti si samaki wa asili ya Australia. Aliletwa katika karne ya 19, lakini leo analindwa kwa kikomo cha idadi, cha urefu na cha msimu.
- Baadhi ya samaki wanaobeba jina la trout si trauti. Mmoja wao, trout cod, yumo hatarini kutoweka na karibu kila mahali ni marufuku kumchukua.
- Sheria za uvuvi hutungwa na majimbo. Leseni ya Victoria haitambuliki New South Wales, wala ya New South Wales haitambuliki Victoria.
- Samaki aliyevuliwa kwa burudani ni wa kuliwa nyumbani. Hauzwi wala habadilishwi kwa kitu kingine.

Samaki mgeni aliyefanywa mwenyeji

Mwaka 1864 meli iliyoitwa Norfolk ilitoka Uingereza ikiwa imebeba mayai ya samaki yaliyohifadhiwa katika barafu. Mayai hayo yalifikishwa Tasmania na kuanguliwa katika mabwawa ya Salmon Ponds, mahali paitwapo Plenty. Hivyo ndivyo trauti wa kahawia alivyoingia Australia. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, alifuata mwaka 1894 kupitia New Zealand. Walowezi wa Kiingereza walifanya vivyo hivyo katika vijito baridi vya Mlima Kenya na safu za Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo maana baadhi ya Wakenya wanamfahamu samaki huyu tangu nyumbani.

Trauti hupenda maji baridi yaendayo kasi na yenye hewa nyingi. Kwa hiyo Australia hupatikana zaidi kusini-mashariki: Tasmania, milima ya Victoria na New South Wales, na eneo la mji mkuu Canberra. Wengine huishi kusini-magharibi mwa jimbo la Australia Magharibi. Serikali za majimbo hupandikiza vifaranga vya trauti kila mwaka katika mabwawa na mito, na sehemu ya gharama hizo hutokana na ada ya leseni ambayo wavuvi wenyewe hulipa.

Ujio wa samaki huyu ulikuwa na hasara yake. Trauti ni mlaji wa samaki wadogo, na katika vijito vingi vya milimani amewamaliza samaki wa asili wajulikanao kama galaxias. Baadhi ya spishi za samaki hao zimesalia tu juu ya maporomoko ya maji ambayo trauti hawezi kuyapanda. Wasikilizaji waliokulia kando ya Ziwa Victoria wataitambua habari hii kwa urahisi, kwa kuwa sangara aliyepandikizwa ziwani humo katikati ya karne iliyopita aliwaathiri vivyo hivyo samaki wadogo wa asili. Tofauti kati ya mgeni anayeruhusiwa kuvuliwa na mwenyeji anayelindwa ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya sheria zinazoelezwa hapa.

Alama za kutazama kwanza

Mvuvi akimtoa samaki majini, alama ya kwanza ya kuitafuta iko mgongoni. Trauti na jamaa zake wana pezi dogo laini, lisilo na miiba, kati ya pezi kubwa la mgongo na mkia. Mapezi mengine ya trauti nayo ni laini. Samaki wengi wa asili wa mito ya Australia, kama Murray cod na jamaa za perch, hawana pezi hilo dogo, na sehemu ya mbele ya pezi lao la mgongo ina miiba inayochoma. Samaki mwenye miiba mgongoni si trauti, hata kama jina lake lina neno hilo.

Ikishathibitika kwamba samaki ni wa ukoo wa trauti, madoa na mkia hueleza ni yupi.

Trauti wa kahawia, ambaye kwenye mabango huandikwa brown trout, ana rangi ya hudhurungi hadi dhahabu. Madoa yake ni meusi yakichanganyika na mekundu au ya machungwa, na mara nyingi huzungukwa na duara jeupejeupe. Mkia wake hauna madoa, au una machache tu.

Trauti wa upinde wa mvua, yaani rainbow trout, ana madoa madogo meusi mengi yaliyosambaa hadi mkiani, na hana doa jekundu hata moja. Ubavuni ana mstari wa rangi ya waridi ambao hukolea wakati wa kutaga mayai. Samaki wachanga, au wale waishio katika mabwawa makubwa, wanaweza kuwa na rangi ya fedha na mstari hafifu. Katika hali hiyo, madoa ya mkiani ndiyo ushahidi ulio bora kuliko rangi.

Brook trout hupatikana katika maji machache, kama Ziwa Jindabyne la New South Wales. Madoa yake ni mepesi juu ya mwili wenye rangi ya giza, mgongoni ana michirizi inayojipinda kama minyoo, na ukingo wa mbele wa mapezi yake ya chini ni mweupe kabisa.

Samoni wa Atlantiki, anayepandikizwa katika baadhi ya mabwawa ya New South Wales, huchanganywa sana na trauti wa kahawia. Mkia wa samoni umegawanyika kidogo kama uma, na sehemu ya mwili inayotangulia mkia ni nyembamba. Taya lake la juu huishia karibu na ukingo wa nyuma wa jicho, ilhali kwa trauti wa kahawia aliyekomaa hulipita jicho.

Kuna samaki mmoja anayehitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu naye ana pezi dogo laini mgongoni lakini si trauti. Huyo ni Australian grayling, samaki wa asili wa mito inayoingia baharini kusini-mashariki. Ana rangi ya fedha, hana madoa, na anapotolewa majini hutoa harufu ifananayo na ya tango. Samaki huyu analindwa na sheria, na akinaswa kwa bahati mbaya hana budi kurudishwa majini mara moja.

Majina yanayopotosha

Mvuvi mgeni anayetegemea jina peke yake aweza kujiingiza matatani. Samaki aitwaye coral trout, anayepatikana katika miamba ya bahari ya Queensland, si trauti bali ni wa jamii ya chewa wanaojulikana sana pwani ya Afrika Mashariki. Australian salmon naye ni samaki wa baharini asiye na undugu na samoni. Samaki hawa wawili wanaruhusiwa kuvuliwa, ila wana vikomo vyao vya idadi na urefu ambavyo si vya trauti.

Hatari kubwa zaidi iko kwa trout cod. Huyu ni samaki wa asili wa mto Murray na vijito vyake, na sheria ya taifa imemworodhesha miongoni mwa spishi zilizo hatarini kutoweka. Hana uhusiano na trauti. Anafanana mno na Murray cod, ambaye huvuliwa kihalali kwa masharti, na wote wawili huishi katika mto mmoja.

Tofauti zao huonekana kichwani. Taya la juu la trout cod hutokeza mbele na kulifunika la chini, ilhali taya la chini la Murray cod hulingana na la juu au hulipita. Kipaji cha trout cod kimenyooka, cha Murray cod kimebonyea. Trout cod ana rangi ya kijivu inayoelekea buluu, yenye madoa na vistari vyeusi, na mara nyingi mstari wa giza hupita katika jicho lake. Murray cod ana rangi ya kijani yenye mabaka kama ya chui.

Anayemuua au kumhifadhi trout cod anaweza kushtakiwa kwa kosa la kumdhuru kiumbe aliye hatarini, kosa ambalo adhabu yake ni nzito kuliko ile ya kuzidisha idadi ya trauti. Kutojua jina la samaki hakukubaliwi kuwa utetezi. Kwa hiyo maafisa wa uvuvi hutoa ushauri mmoja ulio rahisi kuukumbuka: samaki asiyetambuliwa kwa hakika arudishwe majini akiwa hai.

Ushauri huo una jambo moja la kuangaliwa. Samaki anayejulikana kwenye mabango kwa jina la European carp, mwenye magamba makubwa na jozi mbili za ndevu fupi mdomoni, amehesabiwa kuwa kiumbe mharibifu. Katika jimbo la Victoria ni kosa kumrudisha majini akiwa hai au kumsafirisha akiwa hai. Mvuvi anayemwachilia kwa huruma huivunja sheria sawasawa na yule anayemchukua trout cod.

Leseni: nani anaihitaji, na wapi

Victoria na New South Wales zinamtaka mtu mzima awe na leseni ya uvuvi wa burudani, awe anavua mtoni, ziwani au baharini. Leseni hupatikana kwa siku tatu, kwa takriban mwezi mmoja, kwa mwaka mmoja au kwa miaka mitatu, na yaweza kununuliwa kupitia intaneti au katika maduka ya vifaa vya uvuvi. Watoto walio chini ya miaka 18 hawaihitaji. Wapo pia watu wazima wanaosamehewa, wakiwemo wenye aina fulani za kadi za pensheni. Kila jimbo lina orodha yake ya misamaha, hivyo inafaa kuisoma kabla ya safari.

Tasmania ina leseni ya pekee kwa maji ya bara, na Australia Magharibi ina leseni ya uvuvi wa maji baridi. Australia Kusini na eneo la Canberra hazidai leseni ya jumla, lakini vikomo vya idadi na urefu vipo huko kama kwingine.

Suala la mipaka linawahusu sana wasemaji wa Kiswahili waishio Albury na Wodonga, miji miwili pacha ambako jamii ya Wakongo imekua katika miaka ya karibuni. Mto Murray unapita katikati ya miji hiyo, na kisheria maji yake yamo New South Wales. Mkazi wa Wodonga, ingawa anaishi Victoria, anahitaji leseni ya New South Wales ili avue katika mto huo. Ziwa Hume, lililo jirani kabisa, husimamiwa kwa sheria za Victoria. Mtu anayependa kuvua katika maji yote mawili anahitaji leseni zote mbili.

Idadi, urefu na msimu

Kikomo cha idadi ni cha mtu mmoja kwa siku moja. Katika maji mengi ya Victoria mvuvi anaruhusiwa kuchukua trauti na samoni wasiozidi watano kwa jumla, na si watano wa kila aina. Akiwa mtoni, ni wawili tu kati ya hao wanaoruhusiwa kuzidi sentimita 35. Tuseme mvuvi ana samaki watatu ndooni, wenye urefu wa sentimita 29, 36 na 41. Akimpata wa nne mwenye sentimita 38, hana ruhusa ya kumchukua, ingawa hajafikisha watano, kwa sababu tayari anao wawili wakubwa. Sababu ya masharti haya ni kwamba samaki jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko mdogo.

New South Wales hutumia utaratibu mwingine. Trauti aliye chini ya sentimita 25 hurudishwa majini. Katika mabwawa na vijito vya kawaida vya trauti kikomo ni watano kwa siku. Katika vijito vilivyotengwa kwa chambo bandia peke yake kikomo ni wawili, na ni marufuku kutumia minyoo au chambo kingine cha asili.

Murray cod ana masharti yake katika majimbo yote mawili: huchukuliwa tu akiwa na urefu wa kati ya sentimita 55 na 75, na katika maji mengi haruhusiwi kuchukuliwa tangu Septemba mosi hadi mwisho wa Novemba, wakati anapozaa. Katika kipindi hicho mvuvi anaweza kuwa na haki ya kuvua trauti katika mto uleule ambamo Murray cod amefungwa.

Samaki hupimwa akiwa amelazwa juu ya kitu kilichonyooka, mdomo ukiwa umefungwa, kuanzia ncha ya pua hadi mwisho wa mkia. Utepe haupitishwi juu ya mviringo wa mwili, kwa maana hapo urefu utaongezeka isivyo halali. Si vema pia kumkata samaki minofu akiwa bado kando ya maji, kwa kuwa afisa hataweza kumpima wala kumtambua.

Mito ya trauti hufungwa wakati wa baridi. Victoria huifunga baada ya Jumatatu ya mapumziko ya Siku ya Kuzaliwa kwa Mfalme mwezi Juni, na kuifungua Jumamosi ya kwanza ya Septemba. New South Wales huifungua mwishoni mwa juma lenye mapumziko mwanzoni mwa Oktoba. Huo ndio wakati ambapo trauti hupanda mto na kufukua changarawe ili kutaga mayai, na mvuvi anayeingia mtoni anaweza kuyakanyaga bila kujua. Maziwa na mabwawa kwa kawaida hubaki wazi mwaka mzima.

Kufunga maji si jambo geni kwa wasikilizaji wengi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wapate kuzaana, na kanuni ya kutovua sangara aliye chini ya sentimita 50 inajulikana kotekote Ziwa Victoria. Kilicho tofauti Australia ni kwamba kanuni za namna hii humhusu hata mtu anayevua samaki wawili wa chakula cha jioni.

Makosa ambayo huwanasa wageni

Kosa la kwanza ni kuuza. Katika nchi zetu ni kawaida aliyebahatika kupata samaki wengi kumuuzia jirani. Nchini Australia, samaki aliyevuliwa kwa leseni ya burudani hauzwi wala habadilishwi kwa bidhaa. Kumgawia ndugu au kumkaribisha jirani mezani si kosa.

La pili ni vifaa. Nyavu za kutega samaki na mishipi inayoachwa majini bila mtu haziruhusiwi kwa mvuvi wa burudani wa trauti. Mitego ya kamba wa maji baridi yenye umbo la banda lililofungwa pande zote, ambayo zamani iliuzwa madukani, ilipigwa marufuku Victoria mwaka 2019 na New South Wales mwaka 2021, kwa sababu wanyama wapumuao hewa kama platipasi walikuwa wakinaswa na kufa humo.

La tatu ni kumfikiria afisa wa uvuvi kuwa mlinzi asiye na mamlaka. Afisa huyo ana haki ya kuomba leseni, kukagua ndoo na vifaa, na kutwaa samaki. Aliyezidisha idadi kidogo aweza kutozwa faini papo hapo, na kosa kubwa hufikishwa mahakamani.

La nne ni namna ya kumrudisha samaki. Samaki aliyeshikwa kwa mikono mikavu hupoteza ute unaomkinga na magonjwa, na aliyening'inizwa kwa matamvua hufa hata akirudishwa majini. Mikono ilowekwe kwanza, ndoana itolewe samaki akiwa bado ndani ya maji, na aachiliwe pale anapoanza kuogelea mwenyewe. Siku za joto kali, maji yanapopita nyuzi 20 za Selsiasi, trauti huchoka upesi na wengi hawapati nafuu baada ya kuachiliwa.

Mahali pa kupata maelezo

Vikomo hubadilika, na baadhi ya maji yana kanuni zake. Mvuvi asome bango lililoko ufukweni, na kabla ya kuondoka nyumbani atazame mwongozo wa mwaka huo wa jimbo analokwenda. Mamlaka ya uvuvi ya Victoria ina programu ya simu iitwayo VicFishing, na New South Wales ina FishSmart. Zote mbili zina picha za samaki, jambo linalomsaidia hata asiyekisoma Kiingereza vizuri.

Asiyeelewa sheria kwa Kiingereza anaweza kupiga simu kwa huduma ya taifa ya wakalimani, TIS National, nambari 131 450, akaomba mkalimani wa Kiswahili na kuunganishwa na ofisi ya uvuvi ya jimbo lake. Anayeshuhudia uvuvi haramu Victoria anaweza kutoa taarifa kwa nambari 133 474, na aliyeko New South Wales kwa nambari 1800 043 536.